Futi kwa Inchi

Nimepiga hesabu kwa rula ya shule ya Mwanakheri:
kila futi ya nyumba ile, inchi moja.
Sebule iliyobeba watu thelathini siku ya hitima
sasa naifunika kwa trei ya chai.
Maboksi manne ya vigae nimeyakata kwa kisu cha mkate,
nikayapaka chokaa iliyobaki Idi.
Bati ni makopo ya maziwa. Nimeyakunja mistari kwa koleo
hadi yakanikata kidole,
damu ikadondoka barazani
kabla hata hajahamia mtu.

Mazulia nayaweza.
Jirani aliyestaafu kiwandani kanipa katani,
nimeichambua uzi kwa uzi, nyembamba kama mvi zangu,
nikaichovya rangi ya ukindu: zambarau,
na ile nyekundu isiyotoka kwenye kucha hadi Ijumaa.
Kitana ndicho kitanda cha mfumi. Meno yashika mtande,
sindano yapita chini, juu, chini,
miwani miwili puani,
yangu na ya marehemu mume wangu.
Siku sita. Zulia la kulala mjusi mmoja.
Godoro nalo nimelijaza sufi, nikapiga chafya asubuhi nzima.

Lakini kitanda chenyewe.
Kitanda kina miguu, na miguu ina ukaidi.
Vijiti vya aiskrimu, gundi, uzi, dua:
kila nikikisimamisha kinainama
kama mtu aliyesahau ni rakaa ya ngapi.

Fundi wa miguu namjua. Yuko Makorora,
mwendo wa dakika kumi kutoka hapa Ngamiani,
na wa miaka tisa.
Tangu mirathi. Tangu nyumba ilipogeuka noti,
noti zikahesabiwa juu ya jamvi mara mbili,
na kaka yangu Mhina akataka mara ya tatu.

Nikakifunga kitanda kwenye gazeti.
Nikamwambia mtoto: mpe tu, usiseme neno.

Kilirudi Jumanne, kinanuka mninga.
Si vijiti tena. Matendegu ya duara,
na kamba imesukwa, kamba kweli, mraba kwa mraba.
Nyuma ya risiti ya misumari kaandika kwa penseli nene:
*Cha mama kilikuwa cha kamba. Umesahau.*

Sikusahau. Nilishindwa. Hayo ni mawili.

Nikampelekea zulia alione. Likarudi vilevile.
*Lilikuwa na doa la moto, upande wa mlango.*
Kweli. Pasi ya mkaa. Nani aliiangusha
tulikubaliana utotoni tusimtaje.
Nikawasha udi, nikaligusa kwa ncha yake.
Doa la kahawia, dogo kama punje ya mtama,
na nyumba nzima ikanuka sisi.

Tangu hapo Mwanakheri hana mapumziko.
Anadai nauli kwangu, anadai tena kwa mjomba,
na miguu ni yake mwenyewe.
Unakwenda mto, inakuja mbuzi ya kukunia nazi,
jino lake kifuniko cha soda.
Linakwenda pazia, linakuja kabati la vyombo,
mlango wa kulia unafunguka,
wa kushoto unakwama. Kaufanya ukwame.
Nimeuvuta mara ngapi leo, sijui.
Mtoto kaleta na mwenye nyumba: dinosau wa plastiki,
mkia unatokea dirishani. Nimemwacha.
Kodi atalipa.

Salamu bado hatujapeana.
Jana kamtuma aulize:
dirisha la chumba cha mama lilikuwa pana kiasi gani?
Analijua. Ndiye aliyelitia,
ana miaka kumi na saba na msumeno wa kuazima,
akalikosea, likabaki na upogo hadi tunauza.

Nimemrudisha mtoto na rula.
Mwambie macho yangu hayaoni namba ndogo.
Mwambie aje apime.